Firigisi ya Mzee Wafula

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Nimeapa mbele ya picha ya marehemu mke wangu, na nyinyi mnaonifuata kila wiki mnajua siwezi kumchezea mama yule hata akiwa ndani ya fremu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, haya meno machache niliyobakiza yang'oke yote, nimalizie uzee wangu kwa uji.

Wiki jana niliwaacha kando ya barabara ya Thika. Lori la mpwa wangu, lile nililoapa halijawahi kuzima tangu litoke kiwandani, lilikuwa limezima. Vijana wa kanisa letu la Baba Dogo wamekaa kwenye nyasi na sare zao nyeupe, ambazo sasa si nyeupe tena. Safari ilikuwa ya maporomoko ya Fourteen Falls, nikawaonyeshe jiwe ambalo juu yake nilipigana mieleka na mamba enzi za ujana wangu. Basi mamba hayupo, jiwe halipo, na dereva yuko chini ya lori anaongea peke yake.

"Mzee Kweyu," akasema Mzee Wafula, "Bwana ametuokoa. Lile jiwe lako hatutaliona."

Kwa wale wanaonisoma leo mara ya kwanza: Mzee Wafula ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mtu wa Bungoma, mfupi, koti lake hufungwa vifungo vyote hata kuwe na jua la kupasua mawe, na hacheki mpaka aandikiwe na daktari. Hakuja kutalii. Alikuja kuchungulia. Vijana walitaka kwenda kambi ya Agosti kule Machakos, wavulana kwa wasichana, na bila neno lake hakuna kambi.

"Nitatoka nao siku moja," alikuwa amesema. "Wakiniheshimu, waende. Wakinidharau, Agosti yote watafagia kanisa."

Na mwenyekiti wa vijana ni Triza, mjukuu wangu, msichana wa kwanza kukikalia kiti hicho. Ni yeye aliyesimama mbele ya wazee akasema, "Babu yangu ndiye atakuwa mlezi wetu safarini. Mimi namwamini." Wazee walicheka. Yeye hakucheka.

Ndiyo maana pale barabarani nilikuwa naomba lori liwake kuliko dereva mwenyewe.

"Kuka," akaniambia Triza kwa sauti ya chini, maana kwetu babu ni kuka, "City Park si mbali. Tutembee."

Tukatembea. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu siku hiyo ilikuwa na kilima, vumbi, na vijana waliokuwa wakiimba kwa hasira.

Mimi nilibeba sufuria.

Sasa hapa nawaomba mtulie, kwa sababu shetani alikuwa humo ndani. Mama Everline, mkewe Mzee Wafula, alikuwa amempikia mumewe kuku mzima. Akafunika, akafunga kwa leso, akapiga fundo juu. Asubuhi akanikabidhi mwenyewe.

"Mzee, hii ni ya bwanangu peke yake. Firigisi iko juu kabisa. Wewe ni mtu wa kwetu, sina haja ya kukueleza."

Hakuwa na haja. Kwetu magharibi kuku si kitoweo, kuku ni hotuba. Na firigisi ni ya mwenye boma. Mwekee mzee kuku asiye na firigisi na utakuwa umemwambia mbele za watu kwamba yeye si kitu, na kwamba nyumba yake ina mwanamume mwingine. Nimeona ndugu wakigawana hata miti ya ua kwa sababu ya kinyama kile kidogo.

Njiani Triza akaniuliza, "Kuka, na kwa nini wanawake hawali firigisi?"

"Huota ndevu."

"Nani aliota?"

"Shangazi yangu. Zilimfika hapa kifuani. Mkoloni akamtoza kodi ya kichwa kama mwanamume."

Kitonga, kijana wa Kikamba anayetupigia gitaa na kumwita kila mzee buda, akasimama katikati ya njia. "Manze buda, na huyo shangazi alikuwa ananyolewa wapi?"

"Kisumu."

Wote wakaangua kicheko. Triza alisema tu, "Hmm."

Tulipofika bustani ya City Park, Mzee Wafula akawakusanya vijana akawapeleka upande wa pili wa miti. Kwanza somo juu ya uaminifu, kisha mashindano ya kuvuta kamba. Mimi nikaachiwa chakula. Kulikuwa na mikate, ndizi, na ndoo kubwa ya muthokoi wa Mama Kitonga, yale mahindi ya Kikamba yanayotwangwa kinuni mpaka ganda litoke, yakapikwa na maharagwe. Na ile sufuria.

"Mlezi," akasema Mzee Wafula akiondoka, "angalau kulinda unaweza?"

Alisema hivyo mbele ya vijana! Mimi nilitahiriwa yeye akiwa bado mgongoni mwa mamake.

Nikakaa. Nikaitazama sufuria. Nayo ikanitazama.

Wasomaji wangu, tangu nistaafu kazi ya kiwanda cha sabuni na mama wa watoto akanitangulia, sijaionja firigisi. Mwanangu hununua kuku wa vipande. Siku moja nilimuuliza mkaza mwana, "Na firigisi iko wapi?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Baba, hiyo huuzwa kando. Watu hununulia paka."

Paka! Mimi nimelea watu, nimezika watu, nimeoza watu, halafu kiti changu kimekaliwa na paka wa Nairobi.

Nikasema nifungue fundo ninuse tu. Nikafungua. Nikanusa. Mkono ukaenda wenyewe, na mimi si mtu wa kupigana na mwili wangu. Nikaitia kinywani, nikafunika sufuria, nikafunga leso vizuri, fundo lile lile.

Tatizo ni kwamba Mama Everline alikuwa amechinja jogoo aliyeshuhudia uhuru. Firigisi ilikuwa ngumu kama kisigino. Nikiisukuma kulia, huko hakuna jino. Nikiisukuma kushoto, huko kuna moja, nalo linatikisika.

Ndipo tumbili walipotelemka.

Hawakuja kama wezi. Walikuja kama wenye ploti. Mmoja alichukua mkate, akaupima, akachukua wa pili. Mwingine aliingia ndani ya ndoo ya muthokoi na miguu yote. Wakubwa walibeba ndizi, wadogo wakabeba maganda. Mmoja akajaribu fundo la leso, likamshinda, akanizomea mimi.

Nami siwezi kupiga kelele! Nikifungua mdomo, firigisi itaanguka kwenye nyasi, na vijana wataikuta. Nikatikisa mikono. Nikarusha kofia. Wakachukua kofia.

Kwa mbali nikasikia askari wa bustani ananiita, Mkamba mmoja mrefu mwenye rungu. "Mzee! Wafukuze! Piga ukemi!"

"Mmmh!" nikamjibu.

"Nini?"

"Mmmh!"

Alipofika mbio, kazi ilikuwa imekwisha. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Vijana wakarudi wakiwa na njaa ya kuvuta kamba. Wakasimama. Muthokoi ulikuwa umetapakaa kwenye nyasi kama mvua ya mawe.

"Kuka, kumetokea nini?" akauliza Triza.

Nikaihamisha firigisi shavuni. "Tumbili."

Wakatazama juu. Miti ilikuwa imetulia. Hapakuwa na mkia hata mmoja. Wale wanyama wana akili za wakili.

"Buda," akasema Kitonga, "ni tumbili, ama ni yule mamba ametufuata?"

"Ni tumbili! Walikuwa jeshi!"

"Na walivaa sare?"

Jamani, hasira niliyokuwa nayo! Miaka yote nimewaambia watu hawa kwamba nilimfunga chui kwa mshipi wa suruali, wakasema kweli mzee. Siku moja nasema jambo lililotokea mbele ya pua yangu, wananicheka.

"Shavu lako lina nini?" akauliza Triza.

"Jino."

Akatoa kitambaa chake, akakilowesha kwenye bomba, akanikanda shavu taratibu, kisha akaniachia nikishikilie. "Pole, Kuka. Mwacheni, anaumwa." Firigisi ilikuwa upande wa pili wa ngozi tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Wafula alikaa kwenye nyasi. Aliivuta sufuria, akaifungua, akatia mkono, akageuza mapaja, akageuza mgongo. Akageuza tena. Kisha akasimama, vifungo vyote vikiwa mahali pake.

"Kuku wangu hana firigisi."

Vijana wote wa magharibi wakashusha macho. Kitonga peke yake ndiye aliyeuliza, "Sasa si kuna mapaja?" Mwenzake akamkanyaga mguu.

"Ni hao tumbili," nikasema.

"Mzee Kweyu. Tumbili gani huyo anayefungua fundo la mke wangu, akaacha mapaja, akachagua firigisi, kisha akafunga tena?"

"Hawa ni wa mjini. Wamesoma."

"Hapa kuna kijana amenidharau," akasema, macho yakitua kwa Triza. "Mwenyekiti, hili ni kundi lako. Mimi kambi siwezi—"

Nilimwona Triza akipiga hatua moja mbele, tayari kubeba lawama. Nikachanganyikiwa. Nikatazama huku na huku, nikamwona yule askari akipita. Nikapata wazo. Ni wazo bovu kuliko yote niliyowahi kupata, na mnajua nimepata mengi.

"Muulizeni askari! Aliona kila kitu!"

Akaitwa. Jina lake Kiema. Akaweka rungu begani kama mtu anayetoa ushahidi kortini.

"Tumbili ni kweli kabisa," akasema. "Wamekula mikate, wamekula ndizi, wameoga kwenye ile ndoo. Mzee hadanganyi."

Nikanyoosha shingo. Nikawatazama mmoja mmoja. "Mmesikia? Mmesikia watoto nyinyi?"

"Mimi nilimwambia apige ukemi," akaendelea Kiema, "lakini hangeweza."

"Haya, asante kijana, nenda kazini," nikasema.

"Kwa nini hangeweza?" akauliza Mzee Wafula.

"Si alikuwa na nyama mdomoni? Nilimwona akifungua hiyo leso, akachagua, akafunga vizuri. Ndipo tumbili wakashuka. Nafikiri ni harufu."

Hata gitaa la Kitonga lilinyamaza, na lilikuwa chini.

"Mzee Kweyu," akasema Mzee Wafula, "fungua mdomo."

"Jino langu—"

"Fungua."

Nikafungua. Akachungulia kama mtu anayetafuta sindano ndani ya mtungi. Akaiona. Nikafikiri atanidai niiteme, lakini akageuka upande.

"Imeze," akasema. "Si yangu tena."

Nikaimeza nzima. Ilishuka polepole, na njia nzima nilikuwa namtazama Triza. Hakunilaumu. Alichukua kitambaa chake mkononi mwangu, akakikamua maji, akakiweka mfukoni.

Hukumu ikatolewa pale pale. "Makosa ya mzee nitayaweka kwa mzee," akasema Mzee Wafula. "Jumapili baada ya ibada utaniletea yule jogoo wako unayemsimulia kila siku. Apikwe, aje na firigisi yake, mbele ya vijana hawa. Nikila nikiridhika, kambi ipo. Lakini nikidharauliwa tena na kijana yeyote wa kundi hili, hiyo kambi wasiniambie."

Sasa kuna jambo dogo sikuwa nimewaeleza kuhusu yule jogoo.

Mnamkumbuka, Gavana, mjukuu wa jogoo aliyemwamsha Gavana wa mkoloni. Nimewasimulia vile anavyowika, king'ora cha kiwanda kinafuata. Yote ni kweli. Ila si wangu. Ni wa Mama Kitonga, jirani yangu hapo ploti, kwenye nyumba zetu za kupanga. Hupenda tu kusimama mlangoni kwangu.

Jioni hiyo nikabisha kwake.

"Karibu mzee," akasema, akichambua maharagwe. "Umekuja kunijulia hali, ama umekuja kumchukua jogoo *wako*?"

"Mama Kitonga, wewe unajua."

"Najua nini? Kila mgeni akiingia hapa unamwambia ni wako. Hata mwenye nyumba ulimwambia. Mimi nikanyamaza. Nikasema, siku moja atataka kumchinja."

"Unataka nini?"

Akanyoosha kidole. Pale uani, karibu na bomba la maji, palikuwa na kinu na mchi, na gunia la mahindi kando yake.

"Ndoo yangu nzima imeliwa na tumbili ukiangalia. Na watoto wakienda kambi watakula nini? Twanga."

"Mimi? Mwanamume wa Butere nitwange muthokoi?"

"Kwani wanaume wa Butere hawana mikono?"

Nikatwanga. Mahindi hunyunyiziwa maji, ukipiga kwa nguvu yanapasuka, ukipiga taratibu ganda linakucheka. Wanawake waliokuja bombani walijaza mitungi, wakamwaga, wakajaza tena, ili mradi wasiondoke. Vijana nao waligundua kwamba njia zao zote zinapitia ploti yetu.

"Niaje mzee," Kitonga anasimama. "Hiyo ni mazoezi ya mamba?"

"Kijana, mamangu hakunizaa nifanye hivi."

"Mamangu ndiye amekuambia ufanye. Piga pembeni, usipige katikati. Utatuletea unga."

Triza alipita kila siku bila neno. Hilo liliniuma kuliko mabega. Kisha Jumamosi akaja na kikombe cha maji, akakaa juu ya gunia.

"Kuka, ilikuwa tamu?"

"Nini?"

"Firigisi."

Nilikuwa na hadithi tayari, ilishafika kwenye ulimi. Nikaimeza pia. "Sikuionja. Ilikuwa ngumu, nami nilikuwa na hofu."

"Na shangazi mwenye ndevu?"

"Sikuwa naye."

"Kwa hivyo mwanamke akila kunatokea nini?"

"Sijui, mjukuu wangu. Sijawahi kumwona aliyekula."

"Hmm," akasema Triza, akachukua kikombe chake.

Jumapili ikafika. Gavana aliwika alfajiri mara ya mwisho, nami nikajifanya sisikii. Triza akampika mwenyewe. Baada ya ibada tukakaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa, vijana wote, na Mama Kitonga mbele kabisa, amekuja kumuaga jogoo wake. Nilikuwa nimevaa koti la arusi. Nikaiweka sufuria mbele ya Mzee Wafula kwa mikono miwili, nikainama, jambo ambalo mgongo wangu ulikuwa umelisahau.

Akafungua fundo. Akafunua. Mvuke ukapanda. Akatia mkono. Akageuza mapaja. Akageuza mgongo.

Akageuza tena.

Nikajua kabla hajasema. Vijana wakajua. Vichwa vyote vikanigeukia mimi kama milango inayofungwa na upepo mmoja.

Nami, haki ya Mungu, kinywa changu kilikuwa kikavu! Nilikuwa sijatia kitu tangu chai! Nikainua mikono, nikafungua mdomo nijitetee, niwaonyeshe mpaka kwenye koo.

Hapo ndipo nilipomwona Triza.

Alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono nyuma, anatazama mabati ya paa kana kwamba kuna mtu ameandika huko. Midomo yake inang'aa mafuta. Na shavu moja, la kushoto, limevimba kidogo.

Mzee Wafula akainuka. "Nilisema kijana yeyote wa kundi hili—"

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Ni mimi tena. Tamaa, mwenyekiti. Uzee."

Sikungoja hukumu. Nikavua koti la arusi, nikalitundika kwenye mlingoti wa kengele, nikavuka njia hadi uani kwetu, nikamwaga mahindi kinuni na kushika mchi. Nyuma yangu nikasikia mabenchi yanasukumwa, na viatu vya Mzee Wafula vinakuja, taratibu, kama mtu ambaye safari hii hataki kudanganywa.

"Mzee Kweyu," akaita. "Acha kutwanga. Geuka hapa ufungue mdomo."

Nikapiga mchi kwa nguvu zaidi.